Unga wa Queen

Machi 1, Jumamosi

Daktari amesema niandike kila anachokula mtoto, nimpime kila baada ya wiki mbili, halafu nimpelekee mwezi wa tano. Nimenunua daftari kubwa.

Queen, miaka tisa. Kilo 19.4. Wenzake darasani wana ishirini na sita, ishirini na saba. Nimempima kwenye mizani ya magunia, ile ninayopimia unga, kwa sababu ile haijawahi kunidanganya hata robo.

Ugonjwa unaitwa siliaki. Tumbo lake halitaki ngano, hata punje. Daktari alieleza vizuri, kisha akauliza, "Na wewe mama unafanya kazi gani?" Nikamwambia nina bekari Kiseke. Akaacha kuandika.

Miaka kumi na mbili naishi kwa ngano. Nilianza na jiko moja la mkaa na maandazi hamsini. Leo natoa mikate mia nne kwa siku na nina wafanyakazi watatu. Hakuna aliyenipa mtaji, si ndugu, si marehemu mume wangu Chenge, ambaye alinioa tanuri la kwanza likiwa limeshasimama. Kwa hiyo naona uchungu, na ninauandika hapa ili nisimwambie mtu.

Machi 4

Mvua za masika zimeanza. Nimefunga saa nne, nimezunguka supamaketi tatu za mjini nikitafuta vyakula visivyo na ngano. Kwenye ya tatu nilimkuta binti wa shelfu, beji yake imeandikwa Jasmin.

"Dada, vyakula visivyo na gluteni viko wapi?"

"Visivyo na nini, mama?"

"Na ngano."

"Ngano iko pale mbele, leo kuna ofa ya kilo mbili."

"Sitaki ngano. Nataka visivyo na ngano."

"Aah, vya watu wa sukari!" Akanipeleka kwenye biskuti zisizo na sukari. Nikageuza pakiti. Kitu cha kwanza kilichoandikwa: unga wa ngano.

Nilimwambia hali ya mtoto. Aliweka boksi lake chini, tukaanza kusoma pamoja, yeye shelfu za juu, mimi za chini. Soseji, ina ngano. Sosi ya soya, ina ngano. Mchemraba wa kuungia mchuzi, una ngano. Jasmin akasema, "Mama, hii ngano imeingia kila mahali kama mgambo sokoni." Nilicheka, mara ya kwanza wiki hii.

Tulichopata: tambi za mahindi kutoka nje, gramu 250, shilingi 19,500. Mkate wa kugandishwa, vipande kumi, 32,000. Nimegawa. Kipande kimoja 3,200. Mkate wangu mimi, mzima, 1,500. Nilisimama pale na ule mkate mkononi, umekauka kama tofali, nikajiuliza mtu aliyeuoka ana roho gani. Nikaununua.

Unga wa sembe wa pakiti nimeurudisha. Umeandikwa kwa herufi ndogo kwamba kiwanda chao husaga pia ngano. Jasmin akasema, "Angalau hawa wamesema." Nikamwambia mtoto wangu hawezi kula ukweli wao. Nitasaga mwenyewe.

Machi 5

Queen ameonja ule mkate. Akasema, "Wa kwako unanukia, mama." Ameacha vipande tisa.

Machi 8

Nimenunua mahindi kilo 20, nimeyapembua punje kwa punje, nimeyaosha, nimeyaanika siku mbili nikiyalinda na mvua. Leo nimekwenda mashineni kwa Ngosha na ngano yangu kilo 60 ya mikate ya brauni, na haya ya mtoto. Nimesaga ngano kwanza, mahindi ya Queen yakafuata nyuma yake. Ni utaratibu wangu wa miaka yote. Mashine inabakiza karibu kilo nzima tumboni mwake. Ukitangulia na mzigo wako mkubwa na kumalizia na mdogo wako, hakuna mtu wa mtama anayekuchafulia rangi, wala wa nyuma habaki na ngano yako.

Ugali ulitoka mweupe kama karatasi. Queen amekula sahani mbili, na dagaa.

Machi 15

Kilo 19.6. Tumeanza kupanda.

Machi 19

Ameharisha mara tatu. Shuleni hakula kitu, amerudi na hotpoti yake kama ilivyokwenda. Sielewi.

Machi 28

Shule imefungwa likizo fupi. Kilo 19.4. Siku ishirini na saba za kusoma lebo na kupembua mahindi, na tumerudi palepale tulipoanzia.

Mkwe wangu, mama Ng'washi, amepiga simu kutoka Sengerema, ng'ambo ya ziwa, anamtaka mjukuu wake. Sikutaka. Siku ya kumaliza matanga ya Chenge, aliyefia kule akiuguzwa na mama yake, miaka minne iliyopita, wanaume wa ukoo walikaa wakasema mtoto ni wao, abaki. Niliondoka naye asubuhi ile ile, na toka siku hiyo Queen akivuka kwenda kule huwa nahesabu siku. Lakini nina oda ya mikate ya shule mbili za bweni zisizofungwa, na Queen amelia. Nimeandika karatasi ya vitu asivyokula, mistari kumi na tisa, nimeiweka kwenye begi lake.

Aprili 8, Jumanne

Nimekwenda kumchukua. Mvua ilitukuta katikati ya maji, kivuko kikaenda polepole, nikafika nimelowa.

Queen nilimkuta anaruka kamba uani. Mimi nikaingia jikoni. Juu ya kinu nikaona ndoo nyeupe imeandikwa UNGA WA LISHE.

Kila mtu aliyewahi kupeleka mtoto kliniki anajua lishe ni nini: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele na ngano. Mtoto akikonda tu, jirani wa kwanza anakuambia mpe uji wa lishe. Mimi mwenyewe niliwahi kuuchanganya na kuuza.

"Mama, hii nini?"

"Uji wake huo."

"Wa lishe?"

"Ndoo ndiyo ya lishe. Uji ni ulezi na karanga. Nimetwanga mwenyewe."

"Mama, karatasi niliandika."

"Nimesomewa. Ngano ningeitoa wapi, Justa? Hapa nalima viazi."

Sikumsikiliza. Nilibeba ndoo nikaimwaga uani, yote, kuku wakajaa. Queen akaanza kulia, "Bibi ametwanga siku mbili! Mama, siku mbili!"

Na bado mama Ng'washi alitusindikiza hadi Kamanga, kwenye gati la kivuko, amebeba begi la mtoto kichwani. Pale wanapouza samaki wa kukaanga, kivuko kinakaribia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungemwachia mpaka likizo ya Juni. Hapa ananenepa."

Nikasema, na nilisema kwa sauti, wanawake wa samaki wote wakageuka: "Na Chenge mlisema ananenepa. Mkaniita nije kuzika."

Alitafuta mahali pakavu chini ya banda, akaliweka begi la Queen, akaliegemeza vizuri lisianguke, akaondoka na mvua ile.

Nyumbani nimempima. Kilo 20.5.

Siiamini. Uji unajaza maji.

Aprili 12

Mashineni. Ngano 60, mahindi 20.

Aprili 15

Anaharisha tena. Sumu ya Sengerema hiyo, daktari alisema inakaa siku nyingi mwilini.

Aprili 19

Kilo 20.1.

Aprili 20, Pasaka

Mikate mia sita na hamsini imekwisha kabla ya saa tatu. Baada ya misa watoto wa jirani walikuja kula keki barazani. Queen alikaa na kiazi kitamu chake kwenye sahani nzuri niliyomnunulia. Mtoto mmoja akamuuliza, "Wewe umefanya kosa gani?" Akajibu, "Tumbo langu ndilo limefanya." Wakacheka wote, na yeye akacheka.

Jioni akaniuliza, "Bibi hajapiga simu?"

"Hajapiga."

Alikuwa amepiga mara tatu.

Aprili 26

Jasmin amenipigia, wamepata biskuti za mchele. Nimekwenda na mvua, pakiti sita. Amenionyesha alivyozipanga mahali pake peke yake, amebandika karatasi ya mkono: HAZINA NGANO. Meneja amemuuliza nani atanunua. Akamwambia yuko mmoja.

Mei 3

Kilo 19.7.

Mei 7

Mvua kubwa. Anakohoa, miguu myembamba kama mipini ya miko yangu. Nimemwachisha binzari ya pakiti. Nimemwachisha maziwa ya duka. Nafanya kama donge linapoharibika, naondoa kitu kimoja kimoja mpaka nikipate.

Mei 10, Jumamosi

Kilo 19.5. Leo nimekaa na daftari hili nikachora mistari, kama ninavyofanya bekari nikitafuta hasara.

Machi 1 hadi 28, kwangu: siku 27, sifuri.
Machi 28 hadi Aprili 8, kwa bibi yake: siku 11, imeongezeka 1.1.
Aprili 8 hadi leo, kwangu: siku 32, imepungua 1.0.

Nikajumlisha. Siku 59 mikononi mwangu, mtoto amepoteza kilo moja. Siku 11 mikononi mwa mama Ng'washi, amepata kilo moja na gramu mia. Mizani ni ile ile. Nimesema mwenyewe haidanganyi.

Nimeangalia hesabu hiyo mpaka Selina, mfanyakazi wangu wa tanuri, akaja kuuliza kama mikate iungue au aitoe.

Mei 12, Jumatatu

Andika, Justa. Andika kama ilivyokuwa.

Nimefika mashineni na magunia yangu. Foleni fupi. Ngosha akaniona akaita, "Mama Mikate! Leteni ngano kwanza, halafu ya mtoto yapite nyuma. Huyu nishamzoea, hataki kuniachia hata kijiko!"

Watu wakacheka. Na mimi nikaanza kucheka nao. Halafu ikaniingia.

Nikamuuliza, "Ngosha, ngano yangu ikishatoka, humo ndani inabaki kiasi gani?"

"Si unajua mwenyewe. Kilo, kilo kasoro."

"Inakwenda wapi?"

"Inatoka na inayofuata, inakwenda wapi tena?"

Inayofuata. Mahindi ya Queen, niliyoyapembua punje kwa punje. Kilo moja ya ngano kwenye kilo ishirini na moja za unga, karibu gramu tano kwenye kila mia, na daktari alisema hata punje. Nimemlisha mara mbili kwa siku, tangu Machi 8, kwa mkono wangu, nikimwambia maliza sahani. Hata ule unga wa supamaketi niliourudisha kwa dharau, wao walikuwa wameandika. Mashine ya Ngosha haina pa kuandika, na aliyejua kilichomo ni mimi.

Nikakaa juu ya gunia. Ngosha alizima mashine, akaja. "Mama Mikate, nimekosea nini? Nilikuwa natania."

"Hujakosea kitu, baba. Washa."

Nimerudi na mahindi hayajasagwa.

Mei 13

Nimeshika simu nimpigie mama Ng'washi. Nimeirudisha mfukoni. Ningemwambia nini? Ndoo ile ilikuwa ulezi.

Mei 14

Kwa daktari na daftari. Amesoma yote, hata yasiyomhusu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza kama nyumba na bekari viko chini ya paa moja. Nikamwambia ndiyo, ukuta mmoja, mlango mmoja. Akasema tujaribu wiki mbili: vyombo vipya, mlango ufungwe, unga wa mahindi uwe wa kutwanga.

Mei 17

19.5. Nimenunua kinu na mchi. Mikono imetoka malengelenge. Nimetwanga saa mbili nikapata kilo moja na nusu. Sasa najua siku mbili ni nini.

Mei 21

Sufuria mpya, mwiko mpya, kitambaa kipya. Queen halii wala haulizi. Anakula anachopewa.

Mei 24

19.7. Nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mei 28

Ameharisha. Selina alinikuta nimesimama katikati ya nyumba. Ana miaka ishirini na tatu na mdomo haujui bosi. Akapitisha kidole juu ya kabati la vyombo, akanionyesha. Cheupe. Akapitisha juu ya redio. Cheupe. Akaingia chumbani kwa Queen, akagusa juu ya chandarua, akarudi na kidole hicho hicho.

"Mama Queen, tukifungua gunia moja tu kule, unga unakuja kulala huku. Utafunga mlango, na hewa utaifunga na nini?"

"Nitajenga ukuta."

"Na nywele zako? Na gauni? Na hizo kope?"

Nilimwambia arudi kazini. Akarudi. Alikuwa akilia yeye.

Mei 31

19.7. Haipandi.

Juni 1

Nimepiga hesabu zote. Kufunga bekari: hakuna kitu kingine ninachojua kinacholipa daktari, ada na mishahara ya watatu. Kuhama: nyumba nyingine mbali na tanuri naweza kuipata, kodi ya mwaka kwa mkupuo, nikianza kuweka sasa nafika Januari. Lakini mtoto wa kilo 19.7 hawezi kukaa ndani ya unga mpaka Januari.

Kila nikizungusha, jibu linatoka moja. Linaitwa Sengerema.

Juni 7, Jumamosi

Mvua zimekatika. Maji yalikuwa yametulia, na Queen alisimama ukingoni mwa kivuko muda wote, anatazama mbele. Kwenye begi lake hakuna karatasi ya mistari kumi na tisa.

Mama Ng'washi alikuwa anaanika viazi vilivyokatwa, michembe ya kiangazi. Nilipiga goti kwenye jua lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nilikukosea. Unga ulikuwa wangu. Ni mimi niliyekuwa namlisha ngano."

Aliendelea kugeuza vipande, kimoja kimoja. Nikasema na lile jingine, la Kamanga, kwamba sikuwa na haki ya kumtaja Chenge. Hapo mikono yake ilisimama.

"Lile ulisema mbele ya watu," akasema. "Wale wanawake mpaka leo nikienda kununua samaki wananiongezea mmoja. Wananihurumia."

"Nitakwenda kuwaambia."

"Usiende. Utawafanya waongeze wawili." Mikono ikarudi kwenye viazi. "Inuka, utaungua magoti."

Nikamwambia nilichokuja kuomba. Kwamba Queen akae kwake, asome hapa, mpaka nipate nyumba nyingine. Nilidhani atafurahi. Miaka minne nilimwona kama mtu anayenivizia.

"Justa, siku ile ya matanga wanaume walitaka abaki," akasema. "Niliwaambia mtoto wa kike aende na mama yake, anayemtaka anipitie mimi kwanza. Hukujua kwa sababu uliondoka bila kuaga. Sasa leo unamleta kwa mkono wako." Akaokota kipande cha kiazi kilichoanguka, akakipuliza vumbi. "Mimi ninampokea. Ila usidhani nimeshinda kitu."

Nimerudi peke yangu. Nimemwachia pakiti nne za biskuti za mchele.

Juni 8

Mikate mia nne na kumi.

Juni 14

Jasmin ameuliza mbona sijaja. Nikamwambia mtoto yuko mahali ambapo hahitaji shelfu. Anakula viazi, ulezi, samaki, mchele, matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, hakuna hata kimoja chenye lebo. Akauliza kama aitoe ile karatasi yake. Nikamwambia aiache, huenda yuko mwingine.

Juni 16

Nimeona chumba na sebule karibu na barabara ya juu. Hatua mia tatu na arobaini kutoka kwenye tanuri. Nimehesabu mara mbili. Mwenye nyumba anataka ya mwaka.

Juni 28, Jumamosi

Nimemaliza kuoka saa mbili, nimeshika kivuko hivyo hivyo kabla hakijaniacha.

Queen aliniona tangu barabarani, akaja mbio. Amejaa mashavu, hata sauti imekuwa na uzito. Nikafungua mikono. Alipobakiza hatua tatu akasimama ghafla, kama aliyefika kwenye shimo. Akanitazama gauni, akanitazama nywele.

"Mama, umetoka kuoka?"

"Nimetoka kuoka."

"Basi oga kwanza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu usiingie na viatu. Mama Ng'washi alikuwa nyuma yake, akainamisha macho. Akanichotea maji, akanipa sabuni na gauni lake la kitenge. Nilioga mara mbili. Nilisugua kucha, nikaosha nywele, maji yaliyokwenda mferejini yalikuwa na weupe.

Nilipotoka alikuwa ananisubiri mlangoni, na hapo ndipo akanikumbatia. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa na harufu ya bibi yake.

Mizani ya kliniki ya pale imesema 21.3. Nimeandika nyuma ya mkono, kisha nimeihamishia hapa.

Shule ya kule imekubali kumpokea. Tulikwenda wote watatu, nikasaini mimi. Wakati wa kuagana, pale Kamanga, akanishika kidole.

"Mama, mpaka Januari ni siku ngapi?"

Nilikuwa naijua. Kuanzia leo hadi tarehe moja ni siku mia na themanini na saba.

Nikamwambia bado sijahesabu.